Kupima damu ya punda kutafuta vimelea: ninavyofanya mimi hapa Kisesa

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu nilimkuta mzee wa Bujora amekaa kwenye ngazi ya chumba changu cha maabara hapa Kisesa, Mwanza, punda wake kamfunga kwenye mwembe. Mzee huyo anauza maji. Punda anavuta mkokoteni wa madumu kumi na mawili, mara nne kwa siku, na safari mbili kati ya hizo ni za kupanda. "Mwangaluka, mayu," alinisalimia kwa Kisukuma, yaani umeamkaje, mama, na hata sijamaliza kuitikia akaendelea: "Huyu hajakataa kula. Hajakataa maji. Amekataa kilima."

Nilimwambia amefanya vyema kuja siku hiyohiyo. Ng'ombe akipata homa anaacha kucheua, anajitenga na kundi, nyumba nzima inajua. Punda anasimama palepale, masikio yamelegea kidogo, anatafuna jani moja kwa muda mrefu, na mtu mwenye haraka ataapa kwamba ni mzima. Akija kulala chini, mara nyingi damu imeshapungua vibaya. Kwa hiyo punda aliyebadili mwendo tu, bila dalili nyingine, kwangu ni mgonjwa wa kupimwa damu.

Ninaandika haya kwa ajili ya maafisa mifugo wa kata na vijana wanaojifunza kazi hii, pamoja na wenye punda wanaotaka kujua ile mililita tano inayotoka shingoni inakwenda kufanya nini. Farasi huku kwetu ni wachache mno, lakini vimelea vya damu vinavyomsumbua farasi ndivyo vinavyomsumbua punda, panapotofautiana nitasema. Kutoa damu na kuchoma dawa ni kazi ya daktari wa mifugo au mtaalamu aliyesajiliwa. Mwenye punda, kazi yako ni kuona mapema, kusema ukweli wote, na kumshika mnyama wako vizuri.

Mwili kwanza

Sipendi kuletewa mrija wa damu usio na maelezo. Kabla ya sindano pima joto: kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa, dakika mbili, punda akiwa amepumzika kivulini si chini ya nusu saa. Punda mzima kwa kawaida yuko kati ya nyuzi 36.5 na 37.8. Hapa wengi wanapotea kwa sababu wamezoea ng'ombe, na ng'ombe mwenye nyuzi 38.5 hana tatizo lolote. Punda mwenye nyuzi 38.5, aliyekwisha kupumzika, ana homa. Yule wa Bujora alikuwa na 39.1.

Kisha inua mdomo utazame fizi, na uvute kope utazame utando wa ndani. Unatafuta weupe, yaani damu imepungua, au umanjano, yaani seli nyekundu zinavunjika kwa wingi. Muulize mwenyewe rangi ya mkojo. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi au kahawia nyekundu ni habari nzito. Tazama pia chini ya tumbo na miguuni kama kuna uvimbe unaobaki na shimo ukiubonyeza kwa kidole.

Sasa inua mkia. Kuna kupe wa miguu myekundu, Rhipicephalus evertsi kwa jina la kitaalamu. Wakubwa wake hukaa chini ya mkia kuzunguka njia ya haja kubwa, na wadogo wake hujichimbia ndani ya tundu la sikio. Mtu akikagua shingo na mbavu tu atarudi kusema punda hana kupe hata mmoja. Mimi humulika sikio kwa tochi ya simu. Kupe huyu ni mmoja wa wanaobeba Theileria equi, kimelea kinachoingia ndani ya seli nyekundu na kuzipasua. Mwenzake, Babesia caballi, naye huletwa na kupe, na magonjwa ya hawa wawili kwa pamoja huitwa piroplasmosi. Vitabu vya zamani vitawaita wote Babesia. Theileria equi ilihamishiwa jina lake la sasa mwaka 1998 baada ya wataalamu kuona kwamba huanza maisha yake mwilini ndani ya seli nyeupe, jambo ambalo Babesia hafanyi.

Halafu maswali. Alikuwa wapi wiki mbili au tatu zilizopita? Theileria equi huchukua siku 12 hadi 19 tangu kuumwa na kupe hadi dalili, Babesia caballi siku 10 hadi 30, kwa hiyo mahali alipolala jana hapasaidii sana. Je, alinunuliwa mnadani hivi karibuni? Alipelekwa kubeba mzigo kando ya mapori ya Burigi-Chato, au alilishwa kwenye malisho yanayopakana na hifadhi ya Serengeti? Hapo ninaanza kufikiria mbung'o na ugonjwa anaoueneza, nagana. Amechomwa dawa gani, lini? Dawa ya jana inaweza kufuta vimelea kwenye slaidi ya leo na bado punda akawa mgonjwa. Na swali ambalo watu hawapendi kuulizwa: sindano iliyotumika ilitoka kwa punda mwingine? Theileria equi huhama kirahisi kwa sindano yenye damu. Nimewahi kuona punda watatu wa ua mmoja wakiugua mfululizo, hawana kupe wa maana, na wote walichomwa vitamini siku moja kwa sindano moja.

Shingoni

Unahitaji mrija wenye kifuniko cha zambarau, ambao ndani una EDTA ya kuzuia damu isigande, na mrija wenye kifuniko chekundu usio na kitu cha kuzuia kuganda. Wa zambarau ni kwa kuhesabu damu, slaidi na PCR, kipimo cha chembe za urithi za kimelea. Mwekundu ni kwa majimaji ya damu, yaani seramu, ya kupimia kingamwili, zile chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na kimelea. Andika jina la mwenyewe, alama ya punda, tarehe na saa juu ya mrija kabla ya kuchoma, kwa kalamu isiyofutika. Ukisema utaandika baadaye, punda wa tatu atakapokuwa anakurushia teke hutakumbuka mrija upi ni wa nani.

Mshipa ni ule mkubwa wa shingo, unaopita kwenye mfereji kati ya koo na msuli wa shingo. Kwa punda kuna jambo ambalo aliyezoea farasi hulijua kwa taabu: ngozi ni nene zaidi, na katikati ya shingo kuna msuli mpana wa chini ya ngozi unaoufunika mshipa. Choma theluthi ya juu au theluthi ya chini, kisha sindano isimame zaidi kuliko unavyoilaza kwa farasi. Bonyeza kwa dole gumba chini ya pale unapotaka kuchoma, subiri mshipa ujae, ugonge kidogo kwa kidole cha mkono mwingine uone wimbi. Futa kwa spiriti, acha ikauke, choma mara moja bila kusitasita.

Mwenye punda asimame upande uleule uliosimama wewe, ashike kamba ya kichwani kwa upole, aongee naye. Punda mwenzake akiwepo karibu, kazi inakuwa nusu. Wale wanaofanya kazi wawili wawili huwa na huzuni na woga wakitenganishwa, kwa hiyo mimi husema waje wote wawili hata kama mgonjwa ni mmoja.

Jaza mrija wa zambarau hadi kwenye mstari. Damu ikiwa kidogo, EDTA inazidi, seli zinasinyaa, na kipimo kitaonyesha upungufu wa damu ambao haupo. Ugeuze taratibu juu chini mara nane hadi kumi. Usiutikise kama chupa ya dawa ya kikohozi. Seli zitapasuka na majimaji yatakuwa mekundu, halafu mimi maabara nitadhani ni ugonjwa. Sindano mpya kwa kila mnyama, na iliyotumika iende kwenye kopo gumu, siyo shimoni ambako watoto wanacheza.

Bado hujamaliza. Toboa ncha ya sikio, kwenye mishipa midogo, upate tone la damu kwa ajili ya slaidi. Babesia caballi huwa wachache sana, mara nyingi chini ya seli moja katika kila seli mia, na kwenye mishipa midogo ya pembeni unaongeza nafasi ya kuwaona. Chukua wakati homa iko juu. Weka tone dogo karibu na mwisho wa kioo, gusa kwa kioo kingine kilicholazwa nyuzi 30 hadi 45, subiri damu itambae ukingoni, kisha sukuma mbele kwa mwendo mmoja. Slaidi nzuri ina kichwa kinene na mkia mwembamba kama ulimi. Ipunge ikauke haraka, halafu ifunike. Inzi wa huku hawahitaji mwaliko; nimepokea slaidi ambazo zimeliwa hadi kikabaki kioo kitupu chenye nyayo zao. Iwe mbali pia na chupa ya fomalini, mvuke wake unaharibu rangi.

Barafu ya samaki

Mimi sina friji la kubebeka. Nilichonacho ni boksi dogo la plastiki, na barafu naipata kwa wauza samaki, ileile wanayolazia sangara. Barafu ya samaki inafaa kabisa, kwa sharti moja: mrija usiguse barafu. Damu ikigeuka barafu, seli zake zinapasuka. Zungushia mirija gazeti, kisha kitambaa, ndipo uiweke ndani ya boksi, wima. Slaidi ziende kwenye kisanduku chake kikavu, nje ya boksi la barafu, kwa sababu unyevu utazifanya ziote ukungu.

Mrija mwekundu usiuweke kwenye baridi mara moja. Uache usimame kivulini saa moja hadi mbili, damu igande na kujikusanya, seramu ijitenge juu. Ukiwahi barafu, unapata seramu kidogo yenye wekundu.

Zamani sampuli za Sengerema na Buchosa zilikuwa zinanifikia jioni kwa sababu ya foleni ya kivuko. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kijana akitoa damu saa moja asubuhi naipata kabla ya saa sita. Hili ni jambo kubwa kwa anayetafuta tripanosoma, wale vimelea wa nagana, kwa sababu tunawatambua wakiwa hai na wanatembea, na ndani ya mrija hawadumu. Kama sampuli italala njiani, afadhali uniletee slaidi iliyokaushwa vizuri na kipimo cha joto ulichoandika.

Mrija mwembamba kama unywele

Kipimo cha kwanza ninachofanya ni cha bei ndogo kuliko vyote. Najaza damu ya zambarau kwenye kapilari, kimrija cha kioo chembamba, robo tatu yake, naziba mwisho kwa udongo wake maalumu, naweka kwenye sentrifuji mizunguko 12,000 kwa dakika kwa dakika tano. Inatoka na matabaka matatu: seli nyekundu chini, ukanda mwembamba mweupe katikati, majimaji juu. Urefu wa tabaka jekundu ukilinganishwa na wote ndio kiwango cha seli nyekundu, maabara tunakiita PCV. Punda mzima mara nyingi yuko kati ya asilimia 27 na 42. Farasi huenda juu kidogo. Mnyama wa Bujora alikuwa na 19.

Usiishie kwenye namba. Inua kapilari kwenye mwanga wa dirisha uyatazame majimaji ya juu. Yakiwa mekundu, na una uhakika damu ilitolewa vizuri, seli zinavunjika ndani ya mishipa. Yakiwa manjano iliyokolea, linganisha na mnyama: farasi kwa asili ana majimaji ya manjano kuliko punda, na akikaa na njaa yanazidi, kwa hiyo kwake rangi hiyo peke yake haitoshi. Kwa punda inanishtua zaidi.

Na yakiwa meupe kama maziwa, acha kila kitu umpigie daktari simu. Punda anapoacha kula, mwili wake humwaga mafuta kwenye damu kwa wingi kiasi kwamba ini na figo vinaharibika. Anaweza kufa kwa mafuta hayo hata kama kimelea kilichoanzisha shida kilikuwa cha kutibika. Punda jike mwenye mimba na punda mnene ndio wako hatarini zaidi. Nimeona maziwa hayo mara nne katika miaka yangu 19 ya kazi, na waliopona ni wawili, wote wakiwa wale waliolishwa kwa mpira siku ileile.

Kama nashuku nagana, nakata kile kimrija kwa kalamu ya almasi, milimita moja chini ya ukanda mweupe, ili nipate ukanda wenyewe na seli nyekundu chache za juu, nikidondosha kwenye kioo na kufunika. Natazama kwa lenzi ya 40, mwanga nimeupunguza. Tripanosoma hujikusanya pale. Trypanosoma vivax anakatiza mbele ya jicho kama amechelewa basi. Congolense ni mfupi, mvivu, anajibandika kwenye seli na kuitikisa. Brucei anajikunjakunja palepale kwa nguvu bila kwenda mbali, na huyu ndiye anayewadhuru sana farasi.

Kijana mmoja aliyekuwa anajifunza kwangu aliniita siku moja kwa sauti kubwa, ameona "tripanosoma mkubwa ajabu". Alikuwa ameona mtoto wa mnyoo Setaria, ambaye mzazi wake huishi ndani ya tumbo, nje ya utumbo, na watoto huogelea kwenye damu. Tofauti ni ukubwa: tripanosoma ni mrefu mara chache tu ya upana wa seli nyekundu, mtoto wa Setaria anavuka seli ishirini, thelathini, akizisukuma huku na huku. Linganisha na seli kila mara, jicho peke yake linadanganya.

Slaidi

Slaidi iliyokauka naizamisha kwenye methanoli dakika tatu, halafu rangi ya Giemsa iliyochanganywa siku hiyohiyo, sehemu moja kwa tisa ya maji yenye bafa ya pH 7.2, kwa dakika 30. Rangi ya jana huacha vumbi la zambarau, na vumbi hilo limewahi kupewa majina ya vimelea vyote vinavyojulikana. Namna ya kulitambua: cheza na skurubu ya kulenga. Kimelea kiko ndani ya seli na huonekana wazi pamoja nayo. Vumbi liko juu yake, likiwa wazi seli inakuwa na ukungu.

Kwa lenzi ya 100 na oili, anza kwenye mkia wa slaidi, ambapo seli zimelala moja moja. Usishangae sehemu nene kuona seli zimepangana kama sarafu ndani ya mfuko. Kwa jamii ya farasi ndivyo zilivyo. Usishangae pia kukuta nukta moja nyeusi ya mviringo ndani ya seli chache, ni mabaki ya kiini, hata mnyama mzima anayo. Na usitafute seli changa kujua kama mwili unajitengenezea damu mpya. Kwa ng'ombe utaziona. Farasi na punda hawazitoi nje ya uboho hadi zikomae, kwa hiyo njia ya kujua ni kurudia PCV baada ya siku kadhaa.

Babesia caballi ni wakubwa, wawili wawili, umbo la peasi, ncha zao nyembamba zimeungana kama mtu aliyepanua miguu. Theileria equi ni wadogo, wa mviringo au kama koma, na ukibahatika unakuta wanne wameshikana katikati wakifanya msalaba. Msalaba huo ukiuona hutausahau. Kwenye slaidi ya sikio ya punda wa Bujora niliukuta baada ya dakika kumi na moja, kisha nikaanza kuwaona kila mahali.

Dakika kumi na moja nazitaja makusudi. Miaka ya mwanzo nilikuwa natazama dakika mbili tatu, sioni kitu, naandika "hakuna vimelea". Mwaka wangu wa nne mama mmoja wa Igoma aliniletea punda jike mwenye PCV 23. Slaidi moja, ya damu ya shingo, sikuona kitu, nikamwambia ampe chakula kizuri na apumzike. Alirudi siku ya sita, peke yake, ameshika kamba. Punda alikuwa amekufa usiku. Nilitoa slaidi ileile kabatini nikaitazama upya, kwa saa nzima, na nikakuta seli mbili. Mama yule hakunilaumu, na hilo ndilo lililonikaa. Tangu hapo sheria yangu ni hii: slaidi tatu, angalau moja ya sikio, na kwenye fomu siandiki "hakuna vimelea". Naandika "sijaona vimelea kwenye vioo vitatu", pamoja na joto na PCV, ili anayesoma aamue na mwili wa mnyama mbele yake. PCV ikiwa chini na homa ipo, narudia kesho na keshokutwa.

Seramu, na kile ambacho damu haiwezi

Hadubini inamwona kimelea aliyepo kwa wingi. Punda aliyepona anaweza kubaki na Theileria equi maisha yake yote, wachache mno, slaidi haiwaoni. Hapo ndipo ELISA inaingia: inatafuta kingamwili kwenye seramu. Mimi hapa sina mashine hiyo. Sampuli za aina hiyo zinahitaji maabara kubwa, na mahali pa kuulizia kwanza kwa huku ni kituo cha Mwanza cha Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA. Piga simu kabla ya kupeleka, uulize wanapima nini kwa sasa na wanataka sampuli ya namna gani.

Jibu la ELISA lisome kwa makini. Kingamwili huchelewa, kwa hiyo mgonjwa wa wiki ya kwanza anaweza kusoma hana. Mtoto anayenyonya anaweza kusoma anayo wakati aliipata kwenye maziwa ya mwanzo ya mama yake, na hali hiyo huendelea miezi kadhaa. Na katika nchi yenye kupe mwaka mzima, punda wengi wazima kabisa watasoma wanayo. Siyo sababu ya kuwachoma dawa. PCR, inayotafuta chembe za urithi za kimelea chenyewe, inajibu swali jingine: yupo sasa hivi au hayupo. Ni ya gharama, naiomba pale tu jibu litakapobadilisha uamuzi, kwa mfano punda jike anayetupa mimba mara kwa mara, maana Theileria equi hupita kwa mama hadi kwa mtoto tumboni.

Minyoo ya tumboni watu huniuliza kila wiki: "Mayu, mpime minyoo kwenye damu." Hapana. Minyoo inayokaa utumboni naipima kwa kinyesi kibichi, kwa kuhesabu mayai. Seli nyeupe za mzio zikipanda kwenye damu hazinithibitishii minyoo, zikiwa za kawaida hazinihakikishii kuwa haipo. Uingereza wanapima kingamwili za tegu na za minyoo midogo myekundu ya farasi kwenye damu, na kipimo hicho cha pili kimewasaidia kwa sababu mabuu yake hujificha ndani ya ukuta wa utumbo bila kutoa yai hata moja. Sisi kwa sasa tunaishi na kinyesi, na kinatosha kwa mengi. Punda anayelishwa mabondeni kando ya ziwa, kwenye konokono wa maji, anaweza pia kuwa na mnyoo wa ini, na mayai yake hayatokei kila siku. Hapo vimeng'enya vya ini kwenye seramu vinasaidia kujua kama ini limeumia, ingawa havisemi limeumizwa na nani.

Baada ya jibu

Nilimpigia daktari wa mifugo, akaja mchana. Dawa ya piroplasmosi ni imidokabu, na punda wanaihisi vikali kuliko farasi: mate, jasho, tumbo kukata. Daktari hupanga kiasi kwa uzito halisi na hubaki palepale baada ya kuchoma. Dawa ya diminazini, ambayo kila duka la mifugo wanaiuza kwa ajili ya ng'ombe, kwa punda na farasi umbali kati ya kiasi kinachotibu na kinachodhuru ni mdogo. Tafadhali msinunue mkachoma wenyewe kwa kukisia.

Kupe tulimtoa siku hiyohiyo, mkia na masikio. Mzee aliniuliza kama lazima kimelea kiishe kabisa. Nilimjibu kwamba kwa hapa tunatafuta punda apone na damu irudi. Wachache watakaobaki mwilini humsaidia kutougua upya kupe wengine wakimuuma. Angekuwa farasi wa kusafirishwa kwenda nchi isiyo na ugonjwa huu, tungeongea mengine.

Siku ya saba PCV ilikuwa 21. Siku ya kumi na nne 25, joto 37.2, fizi zimerudi na rangi. Nilimruhusu aanze na madumu manne, tambarare tu, hadi namba ipite 28. Mzee alihesabu kwa vidole, akasema madumu mengine atayabeba kwa baiskeli yeye na mjukuu wake, na akaniuliza tarehe ya kurudi kwa damu nyingine. Nilimwandikia kwenye karatasi ya fomu, akaikunja akaitia kwenye kofia.